Mjomba wa Mjusi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vyungu, mikeka na majirani, na hakuna aliyeingia kwa mwenzake bila kupiga hodi, palikuwa na kilima chenye pango kubwa. Pango hilo lilikuwa na kivuli mchana kutwa. Tena ndani kabisa, maji yalidondoka kutoka mwambani. To! To! To! Yalidondoka masika na kiangazi.

Humo waliishi wanyama wadogo. Alikuwamo Bi Pimbi na vitoto vyake, vilivyozaliwa juzijuzi tu. Alikuwamo Panya na ukoo wake, ambao hakuna aliyewahi kumaliza kuuhesabu. Na juu ukutani, kichwa chini na miguu juu, aliishi Mjusi.

Nikisema Mjusi alikuwa mdogo, msifikirie udogo wa paka. Alikuwa mwembamba kama ganda la kunde. Mwenyewe alijua.

"Mimi nikisimama juani," alikuwa akisema, "kivuli changu hutazama huku na huku, kikauliza: mwenyewe yuko wapi?"

Basi kiangazi kimoja kikawa kikali kupita vyote. Mto ukakauka, ukabaki mchanga. Nyasi zikawa ngumu kama fagio. Asubuhi moja wenye pango wakasikia miguu mizito inapanda kilima. Tindi! Tindi! Tindi!

"Hodi humu ndani!"

Alikuwa Nyati, mkubwa wa kijiji. Nyuma yake alisimama Kiboko, ambaye tope lake limemkaukia mwilini na kupasukapasuka. Nyuma ya Kiboko alikuwapo Fisi, akicheka bila kuambiwa kitu.

"Karibuni. Shikamooni," alisema Bi Pimbi.

"Marahaba. Bi Pimbi, mimi si mtu wa maneno mengi. Jua ni kali. Hapa pana kivuli na maji. Tumeshauriana, tumekubaliana."

"Mmeshauriana na nani, Bwana Nyati?"

"Sisi kwa sisi. Kesho tunahamia hapa. Ninyi mtatafuta pengine."

"Pengine wapi? Vitoto hivi vikikaa juani asubuhi, jioni sitakuwa na watoto!"

"Usijali, mama," alisema Fisi, akajilamba. "Nitakusaidia kuwalea."

Wakageuka, wakateremka. Tindi! Tindi! Tindi!

Jioni hiyo hakuna aliyepika. Walikaa mlangoni wamejikunyata. Pamoja nao walikuwapo wasafiri wawili waliokuja kupumzika kilimani: Mbayuwayu, aliyetoka nchi za kaskazini, na Korongo, aliyetoka mashariki ya mbali.

"Tungekuwa na ndugu mmoja mkubwa," Panya alisema kwa huzuni, "wasingethubutu."

"Mkubwa kama Joka," alisema Mbayuwayu. "Kule kaskazini kwenye baridi, watu wakilitaja Joka hufunga milango. Lina mabawa kama ya popo. Linatema moto. Na linalala juu ya rundo la dhahabu."

"Dhahabu linaifanyia nini?" aliuliza Panya.

"Hakuna. Linailalia tu."

"Na mgongo hauliumi?"

Korongo aliangua kicheko. "Hilo si Joka, hilo ni popo mwenye homa! Mimi nimeliona Joka la mashariki likiwa limeshonwa kwenye nguo za wafalme. Halina mabawa, lakini linaruka. Lina ndevu ndefu kama za kambare, na makucha kama ya tai. Wala halichomi mtu. Linaleta mvua, na watu wanalipenda."

"Joka linalopendwa!" alisema Mbayuwayu. "Hilo ni kambare aliyepotea njia."

"Bibi yangu alikuwa na lake," alisema Bi Pimbi taratibu, huku akikifunika kitoto kimoja. "Alisema joka la kwetu ni nyoka mkubwa anayelala kwenye kilindi cha maji. Akipumua, tunaona upinde wa mvua."

Mjusi alikuwa akisikiliza toka ndani ya ufa, maana Korongo alipenda hadithi lakini alipenda mijusi zaidi. Sasa akatoa kichwa.

"Samahani. Hilo Joka lina magamba?"

"Linayo."

"Na mkia mrefu?"

"Mrefu sana."

"Na macho makali, na ulimi wa kuogopesha?"

"Naam, naam!"

"Jamani," alisema Mjusi, "huyo ni mimi! Ila nimepungua kidogo."

Wote wakacheka, hata Bi Pimbi aliyekuwa akilia. Mjusi akasubiri wamalize.

"Basi kama si mimi, ni mjomba wangu. Na kesho asubuhi atakuwa mgeni wetu. Bi Pimbi, niazime ule mtungi wako mkubwa."

"Mjomba yupi? Yule wa moto, yule wa mvua, au yule wa bibi yangu?"

"Wote," alisema Mjusi. "Kwa nini nijinyime?"

Asubuhi wakubwa wakaja na mikeka yao kichwani. Mjusi aliwangoja mlangoni, amekaa juu ya jiwe ili aonekane.

"Shikamooni, wazee wangu. Naomba mpige hodi polepole. Mjomba amelala."

"Mjomba gani?" aliuliza Nyati.

"Joka. Kaka yake mama."

Fisi alicheka mpaka mkeka ukamwanguka. "Wewe! Kijiti cha kuchokolea meno! Una mjomba Joka? Likivuta pumzi si utaingia puani?"

"Niliingia jana," alisema Mjusi. "Nikatokea sikioni. Ndiyo maana mnaniona sijanawa uso."

Nyati akainamisha pembe, akamtazama vizuri. "Mbona wewe mdogo hivi?"

"Ukubwa wa ukoo wetu ulikuwa mmoja tu, Bwana Nyati. Mjomba alizaliwa kwanza, akauchukua wote."

"Mimi nimesikia Joka hutema moto," alisema Fisi, sasa hacheki sana.

"Na mimi nimesikia huleta mvua," alisema Kiboko. "Sasa akitema moto na kuleta mvua kwa pamoja, si atajizima mwenyewe?"

Mjusi hakuwa amelifikiria hilo.

"Hujizima," alisema. "Ndiyo maana hukohoa moshi."

Hapo ndani, ukoo mzima wa Panya ulikuwa ukipepea moto wa majani mabichi. Fuuuu! Moshi mzito ukatoka mlangoni. Naye Bi Pimbi akatia kichwa mtungini, akakohoa kwa nguvu zake zote.

"KHOOO! KHOOO! NAAANI HUYOOO?"

Lo! Kiboko alimkanyaga Fisi, Fisi akamrukia Nyati, na Nyati akateremka kilima kwa mgongo. Mikeka ikabaki pale pale. Vitoto vya Bi Pimbi vikapata pa kulala.

Sasa, katika kijiji hicho mgeni wa jirani alikuwa mgeni wa wote. Hata ukimwogopa, humwachi alale njaa. Kwa hiyo wakubwa walianza kuleta vyakula, wakaviweka mbali kidogo na mlango na kukimbia. Maboga! Miwa! Asali kwenye kibuyu! Wadogo wakala mpaka mashavu yakawauma.

Aliyeharibika zaidi ni Mjusi. Alinenepa, akawa hawezi tena kushika dari. Kila alipolala, pa! Aliamkia sakafuni. Lakini alianza kutembea kifua mbele na kukohoa hovyo. Kiboko alipoleta maboga, Mjusi alimsimulia habari za makucha ya mjomba mpaka boga likamponyoka Kiboko mkononi.

"Tangu leo," aliwaambia wenzake, "naomba mniite Mpwa wa Joka."

"Haya, Mpwa wa Joka," alisema Bi Pimbi, "sogea. Umekalia ufagio wangu."

Watoto wangu, mnakumbuka wahenga walisemaje kuhusu mgeni? Mgeni siku mbili, ya tatu...? Naam! Mpe jembe. Ninyi mmekumbuka. Mjusi alisahau.

"Hodi!"

Mjusi akatoka, akikohoa. Nyati alisimama mlangoni, na begani amebeba jembe kubwa ambalo Mjusi hajapata kuona mfano wake. Kiboko na Fisi walikuwa nyuma yake, wanatetemeka, lakini wamekuja.

"Tumekuja kumkabidhi mjomba wako jembe," alisema Nyati. "Amekula vya kutosha. Bonde letu halijalimwa."

"Jembe? Mzee, mjomba ni Joka!"

"Hata yangekuwa mawili. Mila zetu hazipimi urefu wa mkia. Mgeni anayekataa jembe hutolewa na kijiji kizima. Asipotoka, tutaingia tumtoe. Naogopa, lakini mila ni mila."

"Hana mikono!" alisema Mjusi haraka. "Ni nyoka tu, maskini."

"Wewe si uliniambia ana makucha kama ya tai?" aliuliza Kiboko. "Boga likaniponyoka."

Kila mlango wa kutokea alioutafuta, Mjusi alikuta ameshaufunga kwa mdomo wake mwenyewe.

"Mimi nataka achome lile pori langu," alisema Fisi.

"Na mimi nataka mvua," alisema Kiboko.

Mjusi akaona nafasi. "Haya, kubalianeni kwanza! Achome, anyeshe, au alime? Hawezi yote kwa pamoja!" Alitumaini watagombana mpaka masika.

"Achome kwanza, alime, halafu anyeshe," alisema Nyati. "Rahisi tu."

Kumbe akili Nyati alikuwa nayo siku zote. Siku hiyo ndiyo aliyoamua kuitoa.

"Haiwezekani!" Mjusi alipiga kelele. "Kwa sababu... kwa sababu mjomba anaondoka leo! Sasa hivi! Ameshafunga mizigo!"

Uso wa Nyati ukalainika. "Oo! Anaondoka? Basi sisi si watu wasio na adabu. Mgeni haondoki peke yake. Tutamsindikiza mpaka mpakani. Mwambie tunamngoja."

Mjusi akaingia ndani mbio.

"Bi Pimbi," alisema, "chukua kamba unifunge mdomo. Natoka shimoni, naingia kisimani."

"Ungeniambia mapema," alisema Bi Pimbi. "Sasa tufanyeje, Mpwa wa Joka?"

"Nisamehe. Niite Mjusi."

Alitazama chini. Akauona mkia wake. Akauona na jani kavu la mgomba lililofungiwa maboga. Kisha akakiona kile kibuyu cha asali, ambacho sasa kilikuwa kitupu.

"Kamba lete," alisema, "lakini si ya mdomo."

Baada ya kitambo kidogo akatoa kichwa nje. "Wazee, mjomba anashukuru. Ila ana haya. Akitazamwa usoni hukohoa, na mnajua anachokohoa. Kwa hiyo ninyi tangulieni na mizigo, yeye atafuata. Na asigeuke mtu!"

Mizigo ilikuwa mitatu, imefungwa kwenye ile mikeka yao. Mjusi akamnong'oneza kila mmoja.

"Bwana Nyati, hizi ni nguo za mjomba."

"Kiboko, haya ni mawingu ya masika. Usiyatikise."

"Mbona mazito hivi?"

"Yana maji."

"Na wewe Fisi," alinong'ona, "huu ni ule mzigo anaoulalia."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Dhahabu? Nitabeba mwenyewe! Mtu asiniguse!"

Basi msafara ukaondoka. Mbele Nyati, kisha Kiboko, nyuma Fisi. Na nyuma kabisa Joka lenyewe: Mjusi, amejivika kibuyu kichwani mpaka mabegani, na mkiani amefungwa jani kavu la mgomba. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Jani likaburuzika kwenye mawe. Na ndani ya kibuyu sauti yake nyembamba ikawa nene.

"SONGENI MBELEEE!"

Wakubwa wakasonga, shingo zimekakamaa, jasho linawatoka. Wakapita bonde, wakapanda kilima cha pili. Kwaru! Kwaru! "SONGENI, WAJUKUU ZANGU! NJIA NI NDEFUUU!"

Mjusi alianza kuufurahia ujomba. Shida moja tu: ndani ya kibuyu alikuwa haoni kitu, wala hasikii vizuri.

Walipofika karibu na njia panda, Fisi akasema, "Aa, mwiba! Tangulieni." Akajificha nyuma ya kichaka, akafungua mkeka taratibu ili aone dhahabu.

Mawe.

Akafukua. Mawe. Akafukua tena. Mawe, na kijiko kibovu cha Bi Pimbi.

"Tumedanganywaaa!"

Nyati na Kiboko wakageuka. Na wao pia wakafungua mikeka. Mawe! Wakatazama njiani. Hapakuwa na Joka. Palikuwa na kibuyu kinachotembea kwa miguu minne kama ya mende, kinaburuza jani.

"SONGENI MBELEEE!" kibuyu kikasema. "MSIGEUKEEE! MIMI NI WA KUTISHAAA!"

Wakasimama kumtazama. Mjusi akaja tu, kwaru, kwaru, mpaka akajigonga kwenye kwato ya Nyati. Ko!

"Ala," alisema kwa sauti yake ndogo. "Njia imeota mti?"

Fisi akarukia lile jani, akalikanyaga kwa miguu yote. "Nimekukamata, mjomba!"

Tuk! Mkia ukakatika. Jani likabaki, mkia ukabaki unarukaruka peke yake, lakini Mjusi alishaondoka kama mshale, bado na kibuyu kichwani. Akagonga kichuguu, ko! Kibuyu kikapasuka, naye akatumbukia kwenye tundu la mchwa.

"Turudi!" alifoka Fisi. "Turudi tukalichukue pango, na vitoto vya Pimbi niachieni mimi!"

Na wangerudi, watoto. Mjusi tunduni alifumba macho akiwafikiria wale wadogo.

Lakini wakati huohuo akatokea Bi Kanga na vifaranga wake, anatoka kisimani. Bi Kanga mnamjua. Neno akilisikia asubuhi, adhuhuri nchi nzima inalo.

"Hamjambo, wazee? Mbona mmetoka jasho? Na hii mizigo ya nini?"

Fisi alifungua mdomo. Nyati akamkanyaga.

Wakatazamana. Nani ataanza? Nani atasema kwamba wamembebea mawe mjusi, wakapita mabonde, shingo mbele, wakiitwa wajukuu?

"Tumemsindikiza Joka," alisema Nyati, akifunga mkeka wake upesi.

"Joka! Mmemwona kwa macho?"

"Eee," walijibu wote watatu.

"Yukoje?"

"Ana mabawa," alisema Nyati.

"Hana mabawa," alisema Kiboko, "ila ana ndevu."

"Ni nyoka!" alisema Fisi. "Anatema moto. Nusura aniunguze."

Bi Kanga akazungusha macho. "Ana mabawa na hana?"

"Ni mkubwa mno," alisema Nyati. "Kila mmoja wetu aliona upande wake."

"Lo, salale! Na sasa yuko wapi?"

"Ametangulia."

"Na mizigo yake mnayo ninyi?" Bi Kanga akapiga kelele. "Mmesimama kufanya nini? Mpelekeeni! Mnataka arudi kuitafuta, atuchome na watoto wangu? Haya, bebeni! Bebeni, nawaangalia!"

Tena akasimama hapo hapo, bawa kiunoni, kuwaangalia.

Basi Nyati akainama, akajitwika mawe yake. Kiboko naye akajitwika. Fisi akayatazama yake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti, "Oo, dhahabu hii nzito," akajitwika. Wakaenda. Tindi... tindi... tindi... Bi Kanga aliwasindikiza kwa macho mpaka walipozama nyuma ya vilima. Huko wakakuta ziwa lenye nyasi ndefu, wakatua mizigo, na hawakurudi tena. Wangerudi vipi? Wangemfukuza Mpwa wa Joka bila hofu, wangeulizwa: kwani Joka si la kweli?

Mjusi alifika nyumbani jua linapungua, anayumba, maana bila mkia hakujua kugeuka. Vitoto vya Bi Pimbi vilikuwa vinacheza kwenye yale maji. To! To! To!

"Mpwa wa Joka!" aliita Panya. "Mkia uko wapi?"

"Mkia ndio uliokuwa mjomba," alisema Mjusi. "Ameshakwenda zake."

Akawasimulia yote. Hakuficha hata lile la kujigonga kwenye kwato na kuuliza kama njia imeota mti. Alilirudia mara nyingi, kwa sababu kila alipolifikia, yeye ndiye aliyecheka zaidi. Mkia ukaota mwingine, mfupi kidogo, akautumia vilevile.

Na Joka? Kila nchi ina lake mpaka leo, lenye mabawa au ndevu, moto au mvua. Mimi nikijaribu kulichora ubaoni hutokea mbuzi mwenye mabawa, na nyote mnacheka. Chekeni tu, maana anayeogopa kuchekwa hubeba mawe ya mwenzake.